Leseni iko mkononi, saa haziko

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Isevya alinijia na bahasha. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, fizikia yake nzuri, anataka urubani, na chuo kimoja cha nje kimeshamtumia karatasi ya ada. Jirani anafikiria kuuza shamba lake la Urambo. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mzee mwenzangu, nikishamaliza kulipa hii, mtoto anaajiriwa lini?"

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia arudi Jumapili tukae chini ya mwembe nimpe hesabu yote. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyameza kwa sababu alikuja na mama wa kijana, na yule mama tayari alikuwa ameanza kuitwa Mama Rubani mtaani.

Mimi si rubani. Nimeendesha treni miaka 26, mingi yake kati ya Tabora na Kigoma, nikastaafu. Rubani ni binti yangu wa pili. Kiinua mgongo changu kilikwenda kwake, kikafuata kiwanja cha Ipuli, ikafuata mizinga ya nyuki arobaini na kitu niliyokuwa nimeitundika kwa shemeji yangu Sikonge. Sijutii. Ila ningejua wakati ule ninayoyajua leo, zile pesa nisingezimwaga zote chuoni. Theluthi yake ningeificha.

Kosa langu ni kuamini kwamba leseni ndiyo kazi. Kwetu reli, ukifaulu mtihani unapangiwa zamu. Nikafikiri angani ni vilevile, mshahara tu ndio mnono zaidi. Binti akasoma Afrika Kusini miezi kumi na tisa badala ya kumi na miwili tuliyoambiwa, maana kuna wiki mvua ilifunga na kuna wiki mimi ndiye niliyefunga, pesa haikwenda. Akarudi Tabora na leseni ya rubani wa biashara, ruhusa ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mitambo ya ndege hata asipoona nje, na kitabu chake cha kuandikia saa, chenye jalada gumu jeusi. Tulichinja mbuzi. Shangazi yake akauliza ndege ataanza kuirusha lini. Binti akacheka, akaniangalia, akasema, "Nina saa 214, shangazi." Shangazi alidhani anataja mshahara.

Zile 214 ni saa zote alizowahi kuwa angani akiwa na usukani, tangu siku ya kwanza na mwalimu. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Kwa hiyo kwa sheria alikuwa ametimia na kupita. Akapeleka makaratasi Mamlaka ya Usafiri wa Anga, leseni ya nje ikabadilishwa kuwa ya hapa, kila kitu safi. Kisha tukaanza kusoma matangazo ya kazi. La kwanza: saa 500. La pili: saa 1,000, na kati ya hizo 500 ziwe za ndege ya injini mbili. La tatu: leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa shirika la ndege, ambayo hupewi mpaka utimize saa 1,500.

Nikamuuliza: sasa hizo saa mtu anazipata wapi kama hajaajiriwa? Akasema, "Baba, hilo ndilo swali ambalo kila rubani wa umri wangu analala nalo."

Nilidhani ni serikali inayowabania watoto. Kumbe mara nyingi ni bima. Ndege ndogo za abiria huku kwetu nyingi ni Caravan, injini moja, na kisheria rubani mmoja anatosha. Lakini mwenye ndege akienda kukata bima anaulizwa: rubani wako ana saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za ndege ya aina hii? Akiwa nazo chache, bima inapanda au inakataliwa. Mwenye ndege si mtu mbaya. Anafanya hesabu kama mwenye basi asiyempa funguo kijana aliyetoka shule ya udereva juzi.

Binti alikaa nyumbani miezi kumi na minne. Kipindi hicho ndicho sikumweleza jirani vizuri, na ndicho kilichonitoa jasho kuliko ada yenyewe. Rubani aliyekaa nyumbani ni kama kichwa cha treni kilichoegeshwa karakana: kinakula pesa bila kusogea. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapimwa kila miezi kumi na miwili. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo inahuishwa kila mwaka mbele ya mtahini, na ndege ya kufanyia mtihani inakodiwa kwa saa. Na ili aruhusiwe kubeba abiria lazima ndani ya siku 90 zilizopita awe ameruka na kutua mara tatu. Mara tatu hizo, kwa mtu anayekaa Tabora, maana yake ni nauli mpaka Dar au Arusha, malazi, na kukodi ndege. Mizinga ya Sikonge iliishia hapo. Asali yote ya msimu ule iligeuka kuwa miruko mitatu na kutua mara tatu.

Wakati huo alikuwa akiamka asubuhi anafagia uwanja, anamsaidia mama yake dukani, jioni anafungua vitabu. Watu waliacha kumuuliza. Hilo liliniuma zaidi ya maswali yao.

Walimjia watu wawili. Wa kwanza alikuwa kampuni, siitaji. Walisema alipe dola 15,000, watampa saa 300 kwenye kiti cha kulia, kile cha msaidizi. Yaani mfanyakazi anamlipa tajiri ili afanye kazi. Nakiri nilipiga hesabu. Nilikuwa bado na ng'ombe wanne na shamba dogo la mpunga. Binti ndiye aliyekataa, akasema wakishamaliza zile 300 wanamtoa kitini na kumweka mwingine mwenye dola zake. Wa pili alikuwa kijana mwenzake wa chuoni. Yeye alisema mambo marahisi: chukua kalamu, andika. Ndege fulani ilikuwa ikiruka mwezi fulani, nani atakumbuka nani alikaa wapi? Wenyewe wanaziita saa za kalamu. Hapo niliongea mimi, tena kwa sauti ambayo mama yake alitoka jikoni.

Nilimsimulia habari ya fundi wangu wa kwanza. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu. Nilipokuwa dereva msaidizi wake nilijisifu siku moja kituoni Kaliua kwamba nimeshapita njia ile mara sitini. Akaniuliza: "Mara ngapi usiku?" Nikasema kama ishirini. "Mara ngapi mvua inanyesha?" Nikasema tano au sita. "Mara ngapi ukiwa na mzigo mzito unashuka kwenda ziwani, reli imelowa, breki unaishika wewe na mimi nimelala?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi hujapita." Miaka yote iliyobaki sikuwahi tena kutaja idadi mbele yake.

Sasa mtu aliyeandika saa kwa kalamu, siku reli imelowa, atashika nini?

Ilikuwa umeme umekatika, tumekaa nje. Nikamuuliza binti hiyo 1,500 aliichagua nani. Mtu alikaa wapi akasema 1,400 haitoshi na 1,600 ni nyingi? Akanieleza jambo ambalo sasa namweleza kila mzazi anayekuja. Namba yenyewe ni ya zamani, ndiyo ya leseni ya juu, ile ya kumfanya mtu aweze kuwa kapteni. Msaidizi wa kapteni hakuwa akidaiwa leseni hiyo. Hata Marekani msaidizi aliweza kuajiriwa kwa leseni ya biashara tu. Kisha tarehe 12 Februari 2009 ndege iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo usiku, ikaua watu wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Ilikuwa Dash 8 Q400. Hiyohiyo sisi tunayoiita Bombadia, tunayoiona ikitua hapa Tabora na Kigoma. Kasi ilipungua mno, usukani ukatetemeka kumwonya kapteni, na yeye badala ya kuusukuma mbele ndege ipate kasi, akauvuta. Ndugu wa marehemu hawakukaa kimya, walikwenda kwa wabunge wao mpaka sheria ikapitishwa mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege kule lazima awe na leseni ya juu. Kwa kawaida ndiyo hizo saa 1,500. Wakaweka punguzo: aliyetoka jeshini 750, mwenye shahada ya mambo ya urubani kutoka chuo kinachotambuliwa 1,000, mwenye stashahada yake ya miaka miwili 1,250.

Nikasema ni sawa, wale wa Buffalo walikuwa wachanga. Binti akatikisa kichwa gizani. Kapteni alikuwa na saa 3,379. Msaidizi wake 2,244. Wote wawili wangevuka hiyo 1,500 bila kugusa.

Nilikaa kimya muda mrefu. Jirani naye aliponisikia Jumapili ile alikaa kimya hivyohivyo, akavunja kijiti mkononi.

Na Ulaya, akaendelea, msaidizi anaweza kuingia kwenye Boeing na saa kama 200 za ndege, ila amepikwa sana kwenye simulata, ile mashine ya mazoezi inayoiga ndege ikiwa ardhini, na tangu 2006 kuna leseni ya aina nyingine ambapo saa 240 zinatosha, sehemu kubwa yake zikiwa za simulata akiwa wawili wawili na mwenzake kama watakavyokaa kazini. Na ndege za Ulaya hazianguki kwa sababu hiyo. Mimi si mtaalamu, lakini niliendesha mashine nzito yenye abiria nyuma, na rai yangu ni hii: saa ni uzio wa mwajiri. Akitangaza nafasi mbili akapata maombi mia mbili, uzio unampunguzia kazi ya kusoma. Uzio hauna ubaya. Ubaya unaanza pale mwenye uzio anapodhani ameshapima ng'ombe.

Lakini pia sitaki kijana wa jirani adhani saa ni urasimu mtupu. Zipo saa zinazomjenga mtu. Rubani wa Dar kwenda Unguja anaruka dakika ishirini, anatua, anapakia, anaruka tena. Kwa siku anaweza kutua mara kumi. Wa masafa marefu anakaa saa kumi angani, ndege inajiendesha, anatua mara moja, tena kutua kwenyewe wanapokezana na mwenzake. Katika kitabu saa moja ni saa moja. Mimi ningekuwa mwajiri ningeanza kuhesabu matairi yamegusa chini mara ngapi.

Alipopata kazi hatimaye, haikuwa ya urubani. Kampuni ndogo kaskazini ilimchukua kupima mizigo, kupima abiria kwenye mizani, na kuandika orodha. Alivaa koti la kung'aa miezi saba. Nilitaka kumwambia arudi. Mama yake akasema mwache, yuko karibu na ndege, na aliye karibu na mto hakosi maji. Alikuwa sahihi. Baadhi ya wateja wa mashirika ya misaada hawakubali kupanda ndege yenye rubani mmoja, kwa hiyo kampuni ikahitaji mtu wa kukaa kulia. Wakamtazama msichana wa mizani.

Hapa kuna jambo ambalo chuo hakikutuambia. Ukikaa msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, saa zako zikienda kuombea leseni ya juu hazihesabiwi zaidi ya nusu, na hiyo nusu unaipata pale tu ambapo mamlaka yenyewe ndiyo imedai awepo msaidizi. Kampuni nayo iliazima kanuni hiyohiyo ya nusu kwa hesabu zake za ndani. Binti alikaa kiti cha kulia saa 580. Akaandikiwa 290. Niliponung'unika akaniuliza, "Baba, wewe miaka ya usaidizi walikulipa mshahara wa dereva?" Nikakosa la kusema. 214 na 290 ni 504, na pale bima ya kampuni yao ikamkubali akae kushoto, kiti cha rubani mwenyewe.

Mwezi wa nane mwaka jana akanipigia: Alhamisi atatua Kigoma na wageni wanne waliotoka kuona sokwe Mahale, atalala huko. Nilipanda treni. Kwa mtu wa kazi yangu ni adhabu kukaa kwenye behewa bila kusikia kichwa kinavyohema, lakini nilikwenda, usiku kucha, Usinge, Nguruka, Uvinza, kila kituo nakijua kwa mlio wa reli.

Kigoma wakati ule ni moshi. Watu wanachoma misitu na mashamba, ziwa halionekani ng'ambo, jua linakuwa jekundu saa tisa mchana. Nilisimama nje ya uzio wa kiwanja pamoja na dereva mmoja wa bajaji anayesubiri abiria. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, ule mfuko wa upepo mwekundu ulikuwa umelala upande, ukisimama, ukilala tena. Ndege ikatokea kwenye moshi, ndogo, nyeupe, bawa la upande wa ziwa limeinama kidogo. Ikashuka. Ikashuka zaidi. Nikaona matairi. Bawa likainuka ghafla, ndege ikateleza pembeni ya njia kama mtu aliyesukumwa begani, na papo hapo injini ikanguruma, pua ikapanda, ikapita juu yetu na kwenda zake.

Dereva wa bajaji akasema, "Huyu kashindwa."

Sikumwambia ni nani. Magoti yangu yalikuwa yamelegea. Treni haina jambo la namna hiyo. Ukishaanza kushuka kwenda ziwani umeshaanza, hakuna kusema nimeghairi, narudi juu. Na najua mwili unavyotaka: umechoka, abiria wamechoka, njia iko hapo chini ya miguu, kila kitu ndani yako kinasema maliza. Kapteni wa Buffalo alivuta. Huyu wangu alikuwa ameacha njia ikiwa mita chache chini yake. Alizunguka juu ya ziwa, akarudi, mara hii akaja na bawa limeinama sana, tairi moja likagusa kwanza, kisha la pili, kisha la mbele. Dereva wa bajaji alikuwa ameshaondoa macho, anapangusa kioo.

Wageni walishuka wamenuna kidogo. Mmoja alimpa mkono.

Jioni tulikula Mwanga, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo. Akanawa, akatoa kile kitabu cheusi ambacho sasa kimechakaa pembeni, akaandika safari ya mwisho: nukta nane. Dakika arobaini na nane. Nikamuuliza kule kuzunguka ameandika wapi. Akasema hakuna safu yake, imo ndani ya nukta nane. Kuna safu ya maoni, lakini hakuna mwajiri anayeisoma. Nikamwambia aandike hata hivyo. Akaandika maneno mawili kwa herufi ndogo, nadhani kunifurahisha mzee.

Kisha akajumlisha chini ya ukurasa zile zinazohesabiwa kwa leseni ya juu: 1,212.

Nikapiga hesabu haraka. Zimebaki 288. Kwa saa hamsini kwa mwezi, ni miezi sita tu! Nikamwambia mwakani wakati kama huu atakuwa na leseni ya juu, nitachinja mbuzi mwingine. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Akafungua kurasa za nyuma akanionyesha safu nyingine kwa ncha ya kalamu. Leseni ile haitaki 1,500 tu. Ndani yake lazima ziwemo saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo, na saa 100 za usiku. Na yeye anatua mbugani, Mahale, Katavi, njia za udongo zisizo na taa hata moja. Jua likizama ndege imeshaegeshwa.

"Za usiku unazo ngapi?"

"Thelathini na moja, baba."

Nilimtazama. Miaka 26 nimeendesha, na nusu yake, kama si zaidi, ilikuwa usiku, taa ya mbele inamulika miombo na macho ya fisi, Uvinza saa tisa, Kazuramimba alfajiri. Nikamwambia zile zangu zote nimemwachia, azichukue.

"Ungekuwa na ndege, baba," akasema, akanisogezea mgebuka wa mwisho.